Kisanduku Nilichowajazia Wote

Mlango wa kijani, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kituo cha mafuta.

Tarehe 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako. Hujambo wewe, na mpwa wangu hajambo? Yale mafua yake yameisha, au bado anapiga chafya darasani mpaka mwalimu anasahau alikuwa ukurasa gani? Na goti lako je, limekubali kupanda ngazi? Mimi nakula, nalala na kwenda kazini. Afya yangu kwa urefu utaisoma huko mbele, kwa sababu kila jambo lina zamu yake na zamu ya kwanza ni ya salamu.

Barua yako ilifika wiki sita zilizopita. Najua umeshasema nimekuwa mvivu, mimi niliyekuwa nakusuta wewe kwa kosa hilohilo. Sikuwa mvivu. Nimeanza kukujibu mara nne, na mara zote nne nimefika kwenye hali ya hewa nikaishia hapo.

Kazini hakuna jipya. Bado nasimama kwenye mashine ileile ya kupasi mashuka ya hospitali. Yanaingia upande mmoja yamejisokota, yanatoka upande wa pili yamenyooka, nasi wawili tunayapokea kwa ncha, tunakunja mara nne, tunapanga kwenye toroli. Mwenzangu wa ncha ya pili ni yuleyule tunayemwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Anakusalimu ingawa hajakuona. Hapa nyumbani lifti ilitengenezwa, ikafanya kazi siku tisa, ikafa. Ngazi ni sabini na mbili kutoka chini hadi mlangoni kwangu. Nakutajia hesabu hiyo kwa sababu mwezi huu nimezijua ngazi za watu wengine pia.

Sasa nikupe habari ya mume wa Dada. Kaa kwanza.

Fundi amekatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, kile kidogo na jirani yake. Ameshatoka hospitali. Anakula, anatembea na mkongojo mpaka dirishani, na anamtania kila anayekuja kumpa pole. Anasema kidole kidogo hakikuwa na kazi yoyote mwilini zaidi ya kugonga miguu ya vitanda. Dada alitukataza kukuambia kwa simu. Alisema simu inamwaga habari, barua inaikabidhi.

Ilianza na buti mpya. Unajua kazi ya plasta, kutwa nzima umesimama juu ya majukwaa na simenti inaingia kila mahali. Buti zikamchubua, akajifunga plasta ya dukani, akaendelea. Miezi minne kidonda hakikufunga, naye alijisifu kwamba hakimuumi hata kidogo, eti ngozi yake imekuwa ngumu kama ya fundi wa zamani. Kumbe kule kutouma ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe.

Ni kisukari. Najua utauliza kama nilivyouliza mimi: Fundi? Yule ambaye mkanda wake una matundu matatu aliyoyaongeza mwenyewe kwa msumari? Sote tulijua kisukari ni ugonjwa wa wenye vitambi, na tulilijua hilo kwa uhakika wa watu ambao hawajawahi kuuliza.

Daktari alimuuliza swali moja ambalo ndilo limeniandikisha barua hii. Alimuuliza barua ya kuitwa kupimwa sukari aliipata lini mara ya mwisho. Fundi akasema barua gani. Daktari akaeleza kwamba kliniki za hapa huwaita watu kupimwa kabla hawajaugua, na watu wa asili yetu huitwa mapema kuliko wengine, hata walio wembamba, kwa sababu sukari inatufikia sisi mapema na haisubiri tumbo litokeze. Fundi ana miaka hamsini na minane. Hajawahi kuitwa hata mara moja. Daktari alisema kwa jinsi anavyouona ule mguu, sukari imekaa mwilini miaka mingi bila kubughudhiwa.

Dada hakulia. Alisema neno moja, "Wametubagua," kisha akanigeukia mimi: "Karani, andika."

Nawe unamfahamu Karani anapoambiwa aandike. Niliandika malalamiko ya kurasa mbili, yenye hoja nne, na chini kabisa nikaweka "Nakala kwa:" nikaacha nafasi wazi ili wajitafutie wenyewe wa kumwogopa. Nikavaa koti la misibani na mahakamani. Dada akavaa viatu vya kubana. Tukaenda kliniki asubuhi ya Jumatano.

Alitupokea nesi wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisoma kurasa zote mbili, polepole, hoja zote nne. Sikutegemea hivyo, nilitegemea atupe namba ya kupiga. Alipomaliza hakubisha wala hakuomba radhi. Aliandika jina la Fundi kwenye kompyuta, akatafuta, akatugeuzia kioo tuone.

Ilikuwa fomu ya kujiandikisha, ile ya miaka mingi iliyopita, wamepiga picha na kuihifadhi. Kwenye sehemu inayouliza asili kuna visanduku kama kumi na tano, watu wa kila namna, na sisi tumo, wa sita kutoka juu. Kisanduku chetu kilikuwa kitupu. Tiki ilikuwa chini kabisa, kwenye "Sipendi kusema", na ilikuwa tiki yenye mkia mrefu unaoruka mpaka kwenye mstari wa pili.

Unaifahamu tiki hiyo. Umeiona kwenye fomu zako za shule.

Nesi alisema, "Kompyuta inachagua wa kuita kwa umri, uzito na asili. Asiyesema asili yake inamhesabu na wengine wote, kwa hiyo inamsubiri anenepe. Huyu hakunenepa." Kisha akasema, bila ubaya wowote, "Tunazo nyingi kama hii kutoka majengo yenu. Tulifikiri mmeamua hivyo."

Zote zina mkia, Kitinda. Nilimwomba anionyeshe nyingine, akasema haruhusiwi, na kwa kweli hapakuwa na haja. Nilikwenda kumsaka mbaguzi, nikamkuta ndani ya koti langu. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi nilidhani walikuwa wakizungumzia watu wengine.

Dada alikitazama kioo, akautazama mkono wangu wa kulia. Hakuniumbua mbele ya nesi. Aliaga vizuri, akanishika kiwiko, akaniuliza tulipofika kwenye ngazi za nje.

"Umejaza za watu wangapi?"

Nikamwambia nyumba arobaini hivi.

"Na yangu?"

"Na yako."

"Na ya Kitinda?"

Nikamwambia na ya Kitinda. Aliniacha hapo akashuka peke yake, na tangu siku hiyo nyumbani kwake naandaliwa chai bila kusemeshwa.

Sijitetei, ila nataka uwe na habari nzima, maana ulikuwa na miaka kumi na mmoja na huenda uliiona nusu tu. Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza tulivyotafuta nyumba. Marehemu Baba alikuwa anaandika asili yetu kwa herufi kubwa, kwa fahari, na kila mara chumba kilikuwa kimechukuliwa jana yake. Wiki iliyofuata tangazo la chumba hichohicho bado limebandikwa dirishani. Mara ya tatu Baba alirudi akavua kofia, akaniambia, "Usimkabidhi mtu fimbo halafu ukamgeuzia mgongo. Wakikuuliza wewe ni nani, wape jina na tarehe." Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika lugha ya hapa. Fomu zikawa kazi yangu, kwanza zetu, kisha za jirani, kisha za yeyote aliyeshuka na bahasha mkononi. Watu walikuwa wanapanga foleni kwenye ngazi Jumamosi. Nilijisikia mtu.

Kile kisanduku cha mwisho nilikipenda tangu siku ya kwanza nilipokiona. Niliona ni mlango wa nyuma ambao mwenye nyumba amesahau kuufunga. Kosa langu ni kwamba sikuuliza karatasi inakwenda wapi. Ya nyumba, ya kazi, ya shule, ya kliniki, kwangu zote zilikuwa fomu, na zote zilitaka fimbo. Haikunijia kwamba kuna mahali mtu anakuuliza asili yako ili akutafute wewe kwanza.

Nilirudi kliniki Alhamisi, peke yangu, bila koti. Nilimwambia nesi ukweli, akavua miwani, akaiacha ining'inie kwa kamba yake. Halafu akanipa boksi la fomu mpya na kusema kama nina miguu kuna kazi. Pia alikuja mwenyewe kiwandani kwetu, akaweka meza kwenye chumba cha kubadilishia nguo, katikati ya makabati, akawa anawatoboa watu vidole wakati wa mapumziko na wengine kuwachukua damu ya mshipani. Kimya alipoiona sindano alinyamaza, na waliokuwepo watawasimulia wajukuu. Wa kwetu waliokubali walikuwa ishirini na watatu. Sita wanayo sukari na hawakujua. Mmoja wao ni msichana wa mapokezi, ana miaka thelathini na miwili, mwembamba kuliko kalamu yake. Angengoja kompyuta, angengoja sana.

Mimi nesi aliniambia niko mpakani. Nikamjibu mipaka naifahamu, nimeivuka mingi. Akacheka, kisha akasema huu nisiuvuke. Kwa hiyo chai yangu sasa haina sukari, na ina ladha ya maji waliyooshea birika. Aliniuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyekuwa na ugonjwa huo. Nikasema hapana. Nilipofika kwenye kabati langu nikalikumbuka lile jagi la bluu la Baba, alilokuwa anatembea nalo chumba hadi chumba miaka yake ya mwisho, na sisi tukimtania kwamba ana bustani tumboni. Nikarudi nikamwambia nesi naomba abadilishe jibu.

Jioni baada ya kazi napanda ngazi za watu na boksi langu. Nimeshapiga hodi milango ishirini na mmoja. Wengine hucheka, wengine hukasirika kidogo halafu wakajaza. Mpishi wa shule anayekaa jengo la pili alinisikiliza mpaka mwisho, aproni bado kiunoni, kisha akasema, "Wewe ndiye uliyetufundisha kuficha. Leo unatufundisha kusema. Kesho utatufundisha nini?" Sikuweza kumwambia kwamba amekosea, kwa sababu vile vyumba vilivyokuwa "vimechukuliwa jana" havikuwa ndoto. Nilisukuma karatasi chini ya mlango wake. Sijui kama aliiokota.

Nimefika sasa kwenye jambo ambalo nimelizunguka mara nne.

Jumapili iliyopita nilitoa barua yako nikaisoma tena. Mara ya kwanza niliisoma kwenye toroli la mashuka nikacheka, nikamwambia Kimya kwamba dada yangu amerudia usichana. Uliandika kwamba chumba cha kushonea kinakuita Ngamia kwa sababu unamaliza chupa kubwa ya maji kabla ya saa sita. Uliandika kwamba ile sketi ya kijivu uliyoiacha miaka mitano sasa inafunga bila kuvuta pumzi, na hujajinyima chochote. Uliandika kwamba tundu la sindano limeanza kucheza, mpwa wangu ndiye anayekutungia uzi, na kwamba uzee umekupigia hodi ukiwa na miaka arobaini na mitatu tu.

Safari hii nilikuwa na karatasi ya nesi pembeni, ile wanayogawa. Nilipitisha kidole kwenye mistari yako, na karatasi ikawa inajibu. Kiu. Kukonda. Macho.

Naogopa, Kitinda. Nimetafuta namna nyingine ya kuliandika sijaipata.

Sisemi unao. Mimi si daktari, ni mpiga pasi, na uzee nao huwa unapiga hodi kweli. Lakini ulipohamia huko, fomu ya kliniki niliijaza mimi kwenye meza yangu, wewe ukiwa unafunga sanduku kwa kamba na kunisomea tarehe yako ya kuzaliwa kana kwamba siijui. Huko uliko kompyuta yao haikujui. Umekonda, na kwao mtu aliyekonda ni mtu wa kupongezwa. Hakuna atakayekuandikia barua isipokuwa mimi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga, mara mbili. Mara zote mbili ulipokea huku cherehani inalia nyuma yako, nami nikakuuliza kama mvua zinanyesha.

Nenda kliniki wiki hii. Usiwaambie umechoka, kila mtu amechoka. Waambie una kiu, unakonda bila kutaka na macho yanacheza, na kwamba kaka yako wa tumbo moja yuko mpakani na baba yako alikufa na jagi mkononi. Omba wakupime siku hiyohiyo, na waombe pia kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu. Wakikutazama mwili na kusema huna haja, kaa kwenye kiti, uwe mkaidi kama ulipokuwa mdogo kwa jambo la kuogeshwa. Na mpwa wangu umpeleke pia, amri ya mjomba, hata akiguna.

Ndani ya bahasha utakuta fomu mpya. Nimeijaza jina, tarehe, anwani na kazi, kwa mwandiko mzuri, kwa sababu sikuweza kujizuia. Sehemu ya asili nimeiacha wazi. Ukitaka kusema, sema. Ukiwa na sababu ya kutosema, ni yako na ninaiheshimu, ila uwaambie kwa mdomo wakupime. Kalamu ninayo hapa na mkono unawasha, lakini kisanduku hicho sikijazi tena kwa niaba ya mtu.

Nisalimie mpwa wangu, umwambie kutunga uzi ni kazi nzuri lakini asiizoee. Nisalimie mama mwenye nyumba wako na wenzako wote wa chumba cha kushonea, hata aliyebuni jina la Ngamia. Fundi anakusalimu kwa vidole vyake vinane, hesabu ni yake. Dada angekusalimu kupitia kwangu kama tungekuwa tunazungumza. Barua hii ataipeleka posta yeye, kwa sababu kesho anapita huko akienda kuchukua bendeji, na nimemwekea mezani bila maneno, bahasha wazi, abandike stempu. Sijui kama atanisamehe. Fundi alinisamehe siku ileile, kwa mzaha, na msamaha wake ndio unaoniuma zaidi.

Mungu akulinde wewe na mtoto wako, awape damu safi na watu wanaouliza maswali kwa nia njema.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata pale nilipokosea,

Karani.

*

Kitinda, mimi ni Dada yako, naandika nikiwa nimesimama kwenye meza ya posta na kalamu yao ya kamba, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Nimeisoma yote. Usingoje wiki hii, nenda kesho asubuhi, na usimjibu yeye kabla hujapima.

Na huyo nilimsamehe palepale kwenye ngazi za kliniki, kabla sijafika chini. Usimwambie bado. Akijua ataketi, na imebaki milango kumi na tisa.